Wito kwa Wenye Sufuria Kubwa

Vuli ya mwaka 1966, kila siku saa kumi alasiri, watu wenye njaa walikusanyika kwenye ukanda mwembamba wa miti uitwao Panhandle, jijini San Francisco, kila mmoja na bakuli lake. Chakula kilikuwa mchuzi uliobebwa kwenye makopo makubwa ya maziwa. Ili kuufikia ilibidi upite katikati ya fremu ya mbao ndefu kuliko mtu, iliyopakwa rangi ya kung'aa, fremu ya picha isiyo na picha. Hakuna aliyekuuliza jina, dini, wala kama una kazi. Ukiuliza bei, uliambiwa ni bure kwa sababu ni chako tayari.

Wapishi hao walijiita Diggers. Wengi walitoka kwenye kundi la maigizo ya mitaani la San Francisco Mime Troupe. Jina walilichukua kwa wakulima maskini wa Uingereza ambao mwaka 1649, pamoja na Gerrard Winstanley, walianza kulima ardhi ya wazi kwenye kilima cha St George's Hill wakidai kuwa ardhi ni ya watu wote, mpaka wenye mashamba walipowafukuza. Fremu nayo ilikuwa sehemu ya maigizo yao. Ukishaipita umeingia jukwaani, na kwenye mchezo huu hakuna aliyekaa kutazama.

Ndugu msomaji, nimeanza na mchuzi kwa makusudi. Diggers walikuwa sehemu ya harakati za mahipi, lakini mahipi tunaowajua wengi wetu ni wa kwenye picha: nywele ndefu, suruali pana miguuni, shanga shingoni, moshi wa bangi. Hata ukanda wetu uliwaona. Lamu ilikuwa mojawapo ya vituo vya wasafiri hao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakivutiwa na mji usio na magari na maisha yasiyohitaji fedha nyingi. Tanzania, katika miaka hiyohiyo, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa ukiendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kuwaiga vijana wa Ulaya na Marekani alijua kinachomngoja njiani. Wazazi wetu waliwaona mahipi kuwa wavivu waliotoroka shule. Siwalaumu wazazi. Wavivu walikuwepo, tena wengi.

Lakini ukiwaacha wavivu kando, unabaki na watu waliokuwa na hoja, na hoja yenyewe ilianzia vitani. Mwisho wa mwaka 1967 Marekani ilikuwa na karibu wanajeshi nusu milioni Vietnam, na maelfu yao hawakujitolea. Barua ya serikali iliwafuata nyumbani. Kijana wa miaka kumi na tisa aliweza kupelekwa kuua au kuuawa, ilhali hakuruhusiwa kupiga kura kumchagua anayempeleka, kwa kuwa katika majimbo karibu yote umri wa kupiga kura ulikuwa 21. Sheria hiyo haikubadilika hadi 1971, pale marekebisho ya 26 ya katiba yalipoushusha hadi 18. Kwa hiyo nywele ndefu hazikuwa urembo tu. Jeshini unanyolewa siku ya kwanza. Asiyetaka kwenda alizifuga zionekane.

Tarehe 21 Oktoba 1967 makumi ya maelfu ya watu waliandamana hadi Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi. Askari walisimama mstari, bunduki mkononi. Kijana mmoja akatoka kwenye umati na kuanza kuchomeka maua, moja baada ya jingine, kwenye midomo ya bunduki hizo. Mpiga picha Bernie Boston alikuwa juu ya ukuta, akapiga. Gazeti lake halikuiona kuwa habari kubwa na likaiweka kurasa za ndani. Leo wahariri waliopanga ukurasa wa kwanza siku hiyo hakuna anayewataja, na picha ile inajulikana dunia nzima. Wazo la kuandamana na maua halikuzuka pale pale. Mshairi Allen Ginsberg alikuwa amelipendekeza mwaka 1965 huko Berkeley, mji jirani wa San Francisco, akiwashauri waandamanaji wabebe maua, vitu vya kuchezea na peremende, ili polisi na wapinzani wao wakose mtu wa kupigana naye. Huo ulikuwa mpango, wa mtu aliyejua hofu inavyofanya kazi.

Sanaa yao nayo ilitoka kwenye mpango wa namna hiyo. Tazama mabango ya muziki ya kumbi mbili za San Francisco, Fillmore na Avalon. Wes Wilson alizivuta herufi zikanenepa, zikayumba kama moto, zikajaza kila pembe ya karatasi, akiiga herufi za Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzo wa karne ya ishirini. Victor Moscoso, mzaliwa wa Hispania, alikuwa amesoma nadharia ya rangi chuo kikuu cha Yale chini ya Josef Albers. Alifundishwa kwamba bango lisomeke haraka na rangi zisigombane. Akageuza yote mawili: akaweka nyekundu na buluu zenye nguvu sawa bega kwa bega mpaka jicho likaona karatasi inatetemeka. Wilson alipoondoka Fillmore mwaka 1967, kazi ikashikwa na Bonnie MacLean, mwanamke ambaye vitabu vingi humtaja haraka haraka na kupita. Tangazo la muziki kwa kawaida hutaka ulisome ukiwa unatembea. Haya yalikulazimisha usimame, na ukishasimama huenda mtu wa pembeni naye amesimama, mkaanza kusaidiana kusoma. Mara nyingi karatasi ilibanduliwa na wapita njia kabla hata gundi haijakauka, ikaenda kupamba chumba cha mtu.

Mimi nayapenda zaidi mabango ya Mei 1970. Tarehe 4 mwezi huo askari wa akiba waliwaua wanafunzi wanne kwenye chuo kikuu cha Kent State, Ohio, wakati wa maandamano ya kupinga vita kupelekwa hadi Kambodia. Wanafunzi wa Berkeley wakageuza madarasa kuwa karakana, wakachapa mabango kwa skrini za kitambaa usiku na mchana. Karatasi mpya ni ghali, kwa hiyo walichapa nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika kwenye kompyuta za chuo, zile zenye matundu pembeni. Ukigeuza bango la amani unakuta safu za tarakimu za mtu mwingine.

Naomba turudi kwenye huduma, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kiangazi cha 1967 vijana wapatao laki moja walimiminika mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, wakiwa wamesikia redioni na kusoma magazetini kwamba huko kuna mapenzi na muziki. Jiji halikujiandaa. Vijana walilala vibarazani na bustanini, wakaugua vifua na magonjwa ya zinaa, wakadhurika na dawa za kulevya walizouziwa bila kujua zimechanganywa na nini. Tarehe 7 Juni daktari kijana, David Smith, akafungua kliniki ya bure katika mtaa huo, yeye na wenzake wakijitolea, kwa msimamo kwamba matibabu ni haki. Wanamuziki walitumbuiza ili kuichangia. Mgonjwa wa dawa za kulevya hakupokelewa na polisi mlangoni. Mavazi ya msimu ule yalipitwa na wakati upesi. Kliniki ikaendelea kutibu kwa miongo, na miji mingine ya Marekani ikafungua za kwake.

Jiko la Diggers nalo lilikuwa na siri. Nani alikuwa akiamka alfajiri kwenda soko la jumla kuomba mboga zilizobaki? Nani alimenya, akapika, akaoka mkate wa ngano nzima ndani ya mikebe ya kahawa? Wanawake, kwa sehemu kubwa. Wanaume wa Diggers waliandika vipeperushi, wakavichapa kwa mashine ya kurudufu, wakahojiwa, na baadaye wakatoa vitabu vya kumbukumbu. Harakati iliyohubiri usawa iliacha sufuria palepale zilipokuwa kwa mama zao. Tena mahipi wengi walikuwa Wazungu wa familia zenye nafasi, walioweza kurudi nyumbani umaskini ukiwachosha. Ng'ambo ya ghuba, Oakland, watu wasio na pa kurudi walifanya jambo lao: Januari 1969 chama cha Wamarekani Weusi cha Black Panther kilianza kuwapa watoto kifungua kinywa cha bure katika kanisa la St Augustine's kabla ya shule, na mwaka haujaisha mpango ukaenea miji mingi.

Palipokosekana kazi, palioza. Desemba 1969, kwenye tamasha la muziki la Altamont, California, ulinzi uliachiwa genge la waendesha pikipiki, na kijana Mweusi, Meredith Hunter, akachomwa kisu akafa mbele ya jukwaa. Miezi minne kabla yake, kwenye tamasha la Woodstock, watu zaidi ya laki nne walikwama kwenye matope ya shamba la mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Max Yasgur, mtu wa chama cha Republican ambaye hata nywele ndefu hazikumpendeza. Aliposikia baadhi ya majirani wanawauzia vijana maji, aliyatoa ya kwake bure. Akina mama wa mji wa Monticello wakatengeneza sandwichi kwa maelfu. Kikundi cha Hog Farm kikagawa nafaka kwenye vikombe. Tunaimba sifa za magitaa ya Woodstock, lakini bila watu hawa wikiendi ile ingekuwa msiba.

Na kuna kisa cha kiwanja. Berkeley, chuo kikuu kilibomoa nyumba kwenye ardhi yake kisha kikaiacha kuwa matope na maegesho. Aprili 1969 wakazi na wanafunzi wakaleta majembe, wakapanda nyasi, maua na miti, wakaweka bembea za watoto, wakapaita People's Park. Alfajiri ya 15 Mei gavana Ronald Reagan akatuma polisi, uzio ukawekwa. Mchana maandamano yakazuka, polisi wakafyatua risasi. James Rector, aliyekuwa juu ya paa, alipigwa na akafa siku chache baadaye. Alan Blanchard akapofuka. Mgogoro haukuisha. Januari 2024 chuo kilikizungushia kiwanja ukuta wa makontena ili kijenge hosteli, na siwezi kusema hosteli si haja ya watu. Ila kwa zaidi ya miaka hamsini kipande kidogo cha ardhi kililazimisha kila kiongozi wa mji kueleza hadharani ardhi ya wazi ni ya nani. Waliokipanda hawakuwa na hati. Walikuwa na miche.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Tarehe 6 Oktoba 1967 wakazi wa Haight-Ashbury walibeba jeneza mtaani, wakafanya mazishi ya "hipi", mtu ambaye kwa maoni yao alikuwa ametengenezwa na vyombo vya habari. Ujumbe wao kwa vijana wa nchi nzima ulikuwa wazi: msije huku; fanyeni mabadiliko huko mnakoishi. Mwaliko huo haukutaja nywele wala shanga, na hauhitaji mtu awe Mmarekani. Naomba tuupokee.

Mtaani kwako kuna kiwanja kinachoanza kumegwa, mtu ameweka mawe ya mpaka usiku na kila mmoja anangoja mwingine aulize. Kuna bibi anayelea wajukuu watatu na chakula chake ni cha mchana tu. Kuna muuguzi mstaafu mwenye kipima presha kabatini. Kuna kijana anayechora kwenye madaftari ya shule, ambaye mama yake anamwambia aache upuuzi. Na kuna wewe, mwenye sufuria kubwa ya shughuli inayotoka stoo mara mbili kwa mwaka, harusi na msiba. Hatujakosa moyo wa kuchangiana. Shughuli zetu zinathibitisha. Ninachoomba ni tuchangiane hata siku isiyo na harusi wala maiti.

Chagueni Jumamosi moja. Ijumaa jioni, soko linapofungwa, waendeeni wauza nyanya na mchicha, mwombeni mzigo ambao hautafika kesho. Wengi watatoa kuliko kuutupa. Mchele na maharage vichangwe nyumba kwa nyumba, kikombe kwa kikombe. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa mapema, kwa adabu, ili asisikie kwa watu. Pikieni kwenye kiwanja chenyewe kinachogombewa, hadharani, na aliyeweka mawe naye akaribishwe ale. Muuguzi akae kwenye kivuli apime presha. Leteni miche ya miarobaini au miembe, muipande kufuata mpaka unaoonekana kwenye ramani ya halmashauri, na nakala ya ramani ibandikwe mtini watu waisome wakisubiri wali. Kijana mpeni karatasi kubwa na rangi, msimwamuru achore nini. Akichora herufi zisizosomeka upesi, mwacheni.

Kuhusu vyombo, msipange zamu ya akina mama. Wanaume wakae kwenye ndoo na majivu, na sufuria kubwa waanze nayo.