Mwambieni mtoto aje hata mikono mitupu

Na Kirimi Mwenda

Nyumbani kwetu, juu kidogo ya Nkubu, Krismasi haiishi mpaka Mama alete daftari. Sahani zikishaoshwa na wadogo wakianza kusinzia mikekani, huingia chumbani akatoka na daftari la jalada la buluu ambalo mwaka mzima hulala pamoja na risiti za kituo cha majani chai. Mna kilo za kila siku humo, tangu Januari. Pembeni mwa kilo, kwa herufi ndogo, ameandika mengine: siku ng'ombe alipozaa, siku jirani alipozikwa, siku mvua ya mawe ilipochana majani, karo ya nani ililipwa na pesa zilitoka wapi. Hutusomea. Akimaliza, kila mmoja husema mwaka wake, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kisha Baba hufunga kwa sala.

Sisi Wamethodisti hatukuanza jana kuhesabu mwaka mbele za Mungu. John Wesley aliwakusanya watu wake jijini London mwaka wa 1755 wakafanya upya agano lao, na kanisa lililoanzia Ribe kule pwani mwaka wa 1862, likafika Kaaga hapa Meru mwaka wa 1912, lingali na ibada hiyo Jumapili ya kwanza ya Januari. Nimeyasema maneno ya agano hilo tangu nikiwa kijana. Humtaka muumini akubali kupewa kazi au kuwekwa kando, kuwa na vyote au kutokuwa na chochote. Ni maneno mazito. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba tulikuwa tukiyasema kanisani Januari baada ya kuyakana nyumbani Desemba.

Maana daftari la Mama lilikuwa na hasara, letu halikuwa nazo. Zamu zetu zikifika tulitaja ploti, gari, cheo kipya, mtoto aliyeongoza darasa. Mwaka wa 2021 nilizungumza karibu robo saa juu ya ploti niliyonunua Kitengela. Sikumwangalia mdogo wangu machoni hata mara moja. Naikumbuka jioni ile kwa uchungu, kwa sababu ndiyo Krismasi ya mwisho aliyokuja kabla ya kupotea.

Mwaka uliofuata kiwanda alichofanyia kazi Nairobi kilipunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Hatukujua. Desemba ile alisema yuko zamu. Ya pili, nauli imepanda mno, na kweli ilikuwa imepanda, kwa hiyo tukaamini. Ya tatu hakusema kitu, alituma tu ujumbe wa heri. Baadaye aliniambia: "Kaka, ningeingiaje pale mikono mitupu, nikae nisubiri zamu yangu, halafu niseme nini?"

Nimezunguka vya kutosha, kutoka Maua hadi Siakago, kujua kwamba ndugu yangu si peke yake. Hebu tembea mitaa ya Nairobi wanakokaa watu wetu tarehe 25 Desemba. Utawakuta vijana waliojifungia, simu zimezimwa. Si kwamba hawampendi mama. Hawana unga wa kubeba, hawana shuka la kumfunika baba, hawana la kumwambia shangazi atakayeuliza siku hizi wanafanya kazi wapi.

Makanisa yetu nayo yana sehemu katika jambo hili, nami nalisema nikiwa mzee wa kanisa. Ushuhuda tunaoupigia makofi ni wa aliyevuka. Aliyefutwa kazi hushuhudia siku atakapopata nyingine, aliyekuwa mgonjwa siku atakapopona. Yule ambaye bado yuko katikati ya maji, tumempa nafasi gani ya kusimama? Ndiyo maana huketi kiti cha nyuma, baadaye akakaa nje, mwishowe akabaki nyumbani.

Wakwe zangu wa Embu walinitangulia kulielewa hili. Mke wangu kwao ni Kianjokoma, watu wa Anglikana, na sisi hula Krismasi mwaka mmoja kwetu, mwaka mmoja kwao. Kule baba mkwe ndiye huzungumza kwa niaba ya wote: kahawa imelipa vipi, nani ameoa, nani amepata mtoto. Lakini Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, Benson Njiru na Emmanuel Mutura, walikamatwa na polisi usiku kwa kuvunja kafyu ya korona, na wazazi wao wakaja kuiona miili yao mochari Embu. Maafisa sita wa polisi walishtakiwa kwa mauaji. Krismasi iliyofuata tuliyokula kwao, mzee hakuhesabu kahawa. Alisema majina ya vijana wale wawili, akakaa kimya kitambo, akasema nyumba nyingine katika kijiji hiki leo imepika chakula cha watu wawili ambao hawatakula. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kutaja gari lake baada ya hapo.

Na nyumbani kwa baba mkwe palepale, Krismasi ya 2024, mjomba wa mke wangu anayelima muguka, majani ya kutafunwa, kule Mbeere alisema jambo ambalo watu wa kanisa huliona haya. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, na kaunti nyingine za pwani zikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hiyo, lakini mjomba alikuwa ameshauza mbuzi kulipa karo. Alisema: najua wengine hapa hawapendi zao langu, nami nina maswali yangu mbele za Mungu kulihusu, lakini ndilo lililowasomesha hawa watoto, na mwaka huu limeniangusha. Sijui ni mahubiri mangapi juu ya muguka yana ukweli wa sentensi ile. Mimi zao lenyewe silipendi, nimeona vijana waliolala usingizi wa mchana kwa sababu yake. Ila mzee anayeweza kusema hivyo mbele ya wajukuu, ningependa wajukuu wangu wamsikie.

Kwetu mlango ulifunguliwa na Mama mwenyewe, siku iliyofuata, Boxing Day ya 2024, tuliporudi kutoka Embu kumwamkia. Alisoma kilo kama kawaida. Alipofika Oktoba, mwezi wa bonasi, akanyamaza, kisha akasema bonasi hatukuiona. Ilikuwa imekwenda yote kulipa mkopo aliochukua Baba alipolazwa wiki tatu. Mama hakutuambia kwa sababu kila mtu alikuwa na mipango yake, na alitusikia tukiitaja mipango hiyo Krismasi baada ya Krismasi. Baba aliinamisha kichwa. Dada yangu akaanza kulia, tukadhani ni kwa ajili ya Baba. Kumbe duka lake la Makutano alikuwa amelifunga tangu Julai, na kila asubuhi alikuwa akivaa na kutoka ili majirani wasijue.

Basi tukakaa hapo, watu wazima sita, tukihesabu madeni kwa mara ya kwanza. Mama ndiye aliyesema mpigieni mdogo wenu. Simu iliwekwa katikati ya meza. Alipoitika, Mama hakumuuliza yuko wapi wala anafanya nini. Alisema, "Mwanangu, mwaka huu hata sisi hatuna. Njoo hivyo hivyo." Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda mrefu, mpaka mmoja wetu akadhani laini imekatika.

Kuna atakayesema aibu za nyumba hazifai kuanikwa mbele ya watoto. Mama yangu mdogo aliniambia hivyo, na namheshimu. Lakini watoto wanajua. Mpwa wangu alimaliza Gredi ya 9 mwaka wa 2025, katika kundi la kwanza kabisa la kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Krismasi ya 2025 zamu yake ilipofika alisema alikuwa na hofu mwaka mzima, kwa sababu alisikia usiku mama yake akipiga hesabu ya sare na karo kwa sauti ya chini na hesabu haikufika. Alikuwa na miaka 15. Alikuwa amebeba peke yake jambo ambalo watu wazima saba chumbani mle wangeweza kuligawana. Tuligawana jioni ileile, na Mama akaandika nani atatoa nini.

Nasema watu saba kwa sababu tulikuwa saba. Mdogo wangu alipanda matatu Desemba 24 asubuhi. Sisi wa njia hii ya Embu na Meru tuna desturi ya kupiga simu ukishavuka daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia mtoni pale, watu zaidi ya 30 wakafa, na tangu siku hiyo Mama hali chakula mpaka msafiri aseme amepita. Saa nane simu ililia. "Mama, nimevuka."

Alishuka Nkubu na begi moja dogo. Bado hajapata kazi ya kudumu, hupakia mizigo sokoni siku zinapokuwa nzuri. Alisema hivyo zamu yake ilipofika, kwa sentensi mbili, akaomba chai. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyemhurumia. Dada alimmiminia.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya wengi wetu huwa kwenye kesha. Lakini kabla ya hapo familia nyingi huwa hazijatawanyika bado, na wengine huwa hawajaja kabisa. Simu ya Desemba 28 haijachelewa. Mama alinionyesha ukurasa wa tarehe 24 kabla sijaondoka. Kilo hazikuwepo, kwa kuwa siku hiyo hakuchuma. Alikuwa ameandika saa nane na dakika kumi, na jina la mdogo wangu.