MWENYE DUKA NAYE NI TAJIRI MBELE YA SHERIA

Mtu wa Unguja au Pemba avukaye bahari kwenda kufungua duka Dar es Salaam huchukua bidhaa zake, na huchukua na mazoea yake. Humtia dukani kijana wa shangazi yake, au wa jirani, akamwambia: "Kaa hapa, mwisho wa mwezi tutatazamana." Hapana karatasi, hapana saa za kazi, hapana siku ya mapumziko. Kijana hula na hulala kwa tajiri wake, na wote wawili huona kuwa huo ndio wema. Nasi hatusemi kuwa si wema. Tunalosema ni kwamba wema huo hauna shahidi siku utakapovunjika.

Jambo la kwanza wasilolijua wengi wetu ni kwamba mambo ya kazi na ajira hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyomo ndani ya Katiba. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kwa hivyo mwenye duka moja Darajani na jengine Kariakoo ni tajiri chini ya sheria mbili, na ajuaye moja asidhani kuwa ameijua ya pili. Leo tutasema juu ya ile ya Bara, maana huko ndiko mwenyeji wa visiwani anakokuwa mgeni.

Yuko atakayesema: "Mimi nina mtumishi mmoja tu, sheria hizo ni za wenye viwanda." La, sivyo. Sheria hiyo imewaweka kando watumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwenye duka hakuwekwa kando, awe na watumishi mia au awe na mmoja.

Sasa tutazame inataka nini. Inataka mtumishi apewe maandishi yenye jina lake, kazi yake, mahali pa kazi, siku aliyoanza, saa zake na mshahara wake. Inataka kazi isizidi siku 6 wala saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku, na kila saa ya ziada ilipwe mshahara wa saa hiyo na nusu yake juu. Hata kwa ziada, siku moja haiwezi kupita saa 12. Jee, duka lifunguliwalo saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, lenye kijana mmoja tu, limesimama wapi? Inataka pia likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo.

Tuje kwenye khasara, maana hapa ndipo ugomvi mwingi wa madukani huzaliwa. Bidhaa imepungua, au fedha za jioni hazikutimia, na tajiri hukata mshahara wote bila ya kuuliza. Sheria haikumkataza kudai haki yake. Imemwambia aeleze kwa maandishi sababu ya deni na kiasi chake, ampe mtumishi nafasi ya kujitetea, apate makubaliano yake kwa maandishi, na asikate zaidi ya robo ya mshahara. Akatae kufuata njia hiyo, basi huenda yeye aliyeibiwa akawa ndiye mwenye makosa.

Na kumwachisha mtu kazi si kumwambia, "Kesho usije." Alipwaye kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, hupewa taarifa ya siku 28 kwa maandishi, yenye sababu ndani yake. Akiwa amekwisha kufanya kazi miezi 6, tajiri lazima awe na sababu ya haki na afuate njia ya haki. Mtumishi aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko ndiko tajiri asiye na karatasi hujuta. Maana sheria inasema kwamba asipotoa mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha yale masharti yanayodaiwa ni juu yake yeye, wala si juu ya mtumishi. Kijana akisema, "Tulipatana laki tatu," na tajiri akasema, "Laki moja na nusu," ni tajiri atakayetakiwa kuleta ushahidi.

Wala asijifiche nyuma ya jina la duka. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA si kampuni. Deni la duka ni deni la mwenyewe, na mali yake nyengine haikusalimika.

Twasema haya bila ya kuisamehe Serikali. Sheria hii iliandikwa mwaka 2004 kwa Kiingereza, na haikuwa mpaka mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Miaka mingi muuza duka aliamrishwa atii kitabu ambacho hakuweza kukisoma. Sheria imfikaye mwananchi kwa mkono wa mkaguzi kabla ya kumfika kwa mkono wa mwalimu humtia khofu, wala haimfunzi adabu. Haki ya wananchi ni kupewa sheria hizi kwa lugha yao, kwa vijitabu vyepesi, madukani na masokoni, Bara na Visiwani.

Lakini ndugu zetu wenye maduka wasingoje vijitabu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Mtu huandika kilo ya sukari aliyomkopesha jirani, akaacha kumwandika kijana aliyemkabidhi duka zima! Kuandikiana si kutoaminiana. Karatasi moja yenye saini mbili, daftari la saa, na stakabadhi ya kila mshahara, vikahifadhiwa muda wote wa kazi na miaka 5 baada ya mtumishi kuondoka: hivyo ndivyo vimlindavyo kijana asidhulumiwe, na vimlindavyo tajiri asisingiziwe. Na siku watakapoachana, waachane wakiwa bado ni jamaa.