Barua kwa Wana Ihumwa: Gari Zima na Gari Lenye Tela

Leicester, Uingereza
Kwa wana Ihumwa, Dodoma



Magari ya safari ambayo watu hulala humo ni ya aina mbili. Moja ni gari zima: injini, usukani, kitanda na jiko vyote vimo ndani ya bodi moja. Nyingine ni karavani, nyumba isiyo na injini inayofungwa nyuma ya gari dogo na kuvutwa. Nchini Uingereza aina zote mbili hujaa barabarani kila kiangazi, na sheria haizipi mwendo mmoja. Nje ya mji, kwenye barabara isiyo na kitenganishi katikati, gari zima jepesi linaruhusiwa maili 60 kwa saa, takriban kilomita 97. Gari linalovuta karavani haliruhusiwi kuzidi maili 50, yaani kilomita 80. Kwenye barabara kuu ya aina ya motorway yenye njia tatu kila upande, anayevuta karavani hana ruhusa ya kuingia njia ya kulia kabisa.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kiungo kati ya gari na tela. Gari zima hukata kona na kufunga breki kwa pamoja. Gari lenye tela hufanya jambo mbele, kisha nyuma hufuata kwa kuchelewa. Mzigo ukielemea nyuma ya ekseli, au basi likipita kasi na kusukuma upepo, tela huanza kucheza mkia. Dereva akikanyaga breki ghafla au kupiga usukani kulia na kushoto, anazidisha mchezo huo. Dawa yake ni kuachia mafuta taratibu na kuushika usukani sawasawa mpaka mwendo upungue na tela litulie lenyewe.

Kiungo hicho ndicho pia kinachoamua nani ampishe nani. Kurudisha tela nyuma ni kazi ngumu, kwa sababu usukani ukipelekwa kulia, mwanzoni tela huelekea kushoto. Kwenye barabara za gari moja za milimani Scotland kuna vituo vya kupishania. Wawili wakikutana uso kwa uso, ustaarabu ni kwamba anayeweza kurudi kwa urahisi ndiye arudi. Mwenye tela naye ana deni lake: foleni ikimrundikia nyuma, hutafuta mahali salama, akasogea pembeni na kuwaachia wenzake.

Ihumwa karavani ni nadra. Magari ya watalii ya kulala ndani hupita Dodoma yakitoka Arusha kwenda Iringa, lakini mwenye tela hasa wa huko ni semi, lori kubwa la kuvuta tela. Barabara ya kutoka Dar es Salaam na Morogoro hupitisha mzigo wa bandarini kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji la Dodoma, kilomita 112.3, nayo ilipangwa kuunganisha Nala, Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa na Matumbulu.

Kulipita semi kunataka hesabu. Semi ya mita 17 ikienda kilomita 60 kwa saa, basi la mita 12 likiwa kwenye 80 linalazimika kuizidi kwa kama mita 80, pamoja na nafasi ya mbele na ya nyuma. Hilo huchukua sekunde 14 hivi, na basi huwa limetembea mita 320 upande usio wake. Anayekuja mbele kwa 80 naye amekwishatembea mita 320. Kwa hiyo panatakiwa pawe peupe zaidi ya mita 640. Kwa kuwa sheria ya Tanzania huyawekea mabasi na malori makubwa kikomo kilekile cha 80, semi ikiwa kwenye 75 basi haliwezi kuipita haraka bila kuvunja sheria.

Madereva wa malori wana desturi ya kumsaidia wa nyuma: indiketa ya kulia kuonya kwamba mbele kuna gari, ya kushoto kumruhusu apite. Lakini indiketa ileile ya kushoto huweza kuwa ya dereva anayetaka kuegesha. Ruhusa hiyo ni ushauri tu. Jicho la anayepita ndilo la mwisho.

Semi ikikata kushoto, magurudumu ya tela hupita ndani zaidi ya yale ya kichwa. Ndiyo maana dereva hujitanua kulia kwanza, na nafasi inayobaki kushoto humvutia bodaboda. Nafasi hiyo hujifunga kabla kona haijaisha. Anayeendesha pikipiki akiwa haoni saiti mira ya lori, dereva naye hamwoni.

Tela likiharibika, matawi ya miti yanayotandazwa barabarani huonekana mchana, usiku hayaonekani. Pembetatu za kuakisi mwanga ndizo zinazofaa, ziwekwe mbali nyuma ya tela, na matawi yaondolewe barabarani gari likishaondoka.