Sungura Mgeni Asitiwe Kizimbani kwa Pupa

Askari ahamishwapo kutoka Muyinga kuja Gitega, jamaa zake huja na vyombo na mifugo pia. Hapa Musinzira mtoto huteremka akiwa amempakata sungura, na jirani mwema husema: “Mtieni pamoja na wa kwangu.” Nia ni njema, lakini sungura hutambuana kwa harufu, na kwa mwenyeji mgeni ni adui.

Kwanza, mgeni atengwe majuma mawili. Mtazameni masikio na pua kama ana upele, na kinyesi kama anaharisha. Maradhi ya mmoja yaweza kumaliza wote.

Kisha vizimba viwekwe karibu karibu, na nyasi za malalo zibadilishwe, wazoee harufu kabla ya kukutana.

Siku ya kuwakutanisha, chagueni mahali palipooshwa, pasipo pa yeyote kati yao, nanyi muwepo. Kunusana na kufukuzana kidogo si neno. Wakianza kung’oana manyoya, watenganisheni kwa gunia, si kwa mikono mitupu.

Madume wawili wazima wasikae pamoja kamwe, kwani huumizana vibaya. Majike waliokua pamoja hupatana zaidi. Mkitaka uzao, jike ndiye apelekwe kwa dume, kisha arudishwe, maana jike hukilinda sana kizimba chake. Akishika mimba, huzaa baada ya siku 31 hivi.

Subira ya majuma machache ni nafuu kuliko kumfariji mtoto aliyefiwa na sungura wake.