Mgeni Mlangoni pa Wafu

Hodi ni ufunguo wa nyumba ya mtu. Aingiaye bila ya hodi huitwa mwivi, na asipoiba huitwa mtovu wa adabu. Ajabu ni kuwa desturi hii, ishikwayo sana mbele ya mlango wa aliye hai, hutupwa mara mwenye nyumba anapokuwa maiti. Kwa maiti mtalii haingii kwa hodi. Huingia kwa tiketi.

Ushahidi wa jambo hili uko Hijr, iitwayo pia Madain Salih, karibu na Al-Ula, kaskazini ya Madina. Huko Wanabati, watu wa misafara ya ubani ambao mji wao mkuu ulikuwa Petra, walichonga makaburi yao katika majabali. Makaburi makubwa ni 111, na 94 kati yake yamenakshiwa usoni. Kwa karne nyingi misafara ya mahujaji kutoka Sham ilipita hapo. Mwaka 2008 pahali hapo palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pa kwanza katika Saudia. Na tangu mwaka 2019, serikali ilipoanza kutoa visa za utalii, watazamaji huja kutoka pembe zote za dunia.

Kuja si kosa. Kosa ni namna ya kuja. Mtalii hushuka garini mbele ya Qasr al-Farid, kaburi lililo peke yake katika jabali lake, akaligeuzia mgongo apate kupigwa picha. Ametoka mbali kuja kulitazama, na alipofika amelipa kisogo. Lau angegeuka, angeona kuwa sehemu ya chini haikumalizika. Wachongaji walianza juu wakashuka, na patasi zao zikakoma njiani. Fahari iliyoanza kichwani mwa jabali haikufika miguuni pake. Somo hilo liko wazi kama jua la jangwani, lakini kisogo hakina macho.

Tena wenye makaburi hawakunyamaza. Juu ya milango mingi mna maandishi ya Kinabati yatajayo jina la mwenye kaburi, mwaka wa mfalme aliyetawala, na watu wenye haki ya kuzikwa ndani. Hukataza kaburi kuuzwa, kuwekwa rehani au kupangishwa. Na baadhi yake humtoza faini mvunjaji, ilipwe kwa mungu Dushara na kwa mfalme. Wanawake nao walikuwa wenye milki. Hinat binti Wahbu alijifanyia kaburi yeye, na watoto wake, na vizazi vyao. Maandishi hayo si pambo. Ni hati na wasia. Mwaka 2023 wataalamu walionyesha uso wa mwanamke ulioundwa upya kwa kufuata fuvu kutoka kaburi hilo, wakaupa jina la Hinat, ingawa mabaki yaliyokuwamo yalikuwa ya watu wengi. Watazamaji waliupata uso. Je, wangapi waliupata wasia?

Wako wasemao kuwa dawa ni kutokwenda kabisa. Hushika hadithi mashuhuri kuwa Mtume, alipopita Hijr katika safari ya Tabuk, aliwakataza maswahaba wake kuingia katika makazi ya waliojidhulumu, ila wakiwa wanalia. Wapinzani wao hujibu kwa furaha kuwa nakshi zile ni kazi ya Wanabati, watu wa baada ya Thamudi, kwa hiyo katazo halihusu na mchezo umehalalika. Jibu hilo ni la mtu mjanja, si la mtu mwenye hekima. Elimu ya tarehe yaweza kubadili jina la maiti; haiwezi kulibadili kaburi likawa uwanja wa tamasha. Chozi halingoji kuambiwa aliyekufa ni wa kabila gani.

Wengine husema kuwa jiwe ni bubu, na fedha ya mtalii ndiyo imlipayo mlinzi. Neno la pili ni kweli. Kaburi lisilo mlinzi huvunjwa na mwizi na kuchorwa na mpumbavu. Lakini ada ni malipo ya ulinzi, si bei ya dharau. Na neno la kwanza ni uongo. Jiwe lenye maandishi si bubu. Msikilizaji ndiye kiziwi. Mtungaji wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, hakukuta hati juu ya milango ya Pate, bali popo na kuta zilizobomoka, na bado alisikia habari za mwisho wake mwenyewe. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili akasimama Hijr, au Kilwa, au Gedi, asisikie kitu, amepoteza urithi mkubwa kuliko nauli yake.

Haki ya wafu wale ni ndogo, wala haimzuii mtu safari. Kiongozi wa wageni na asome kwanza maneno ya mlangoni, kwa lugha waielewayo, kabla kamera moja haijainuliwa. Jina la mwenye kaburi litajwe, na katazo lake lisikike. Hiyo ndiyo hodi. Maiti hawezi kuitika karibu, na kwa sababu hiyo hasa mgeni wake hana budi kuwa na adabu mara mbili.