Ndege zanunuliwa, marubani watatoka wapi?

WAKATI serikali za Afrika Mashariki zikishindana kununua ndege mpya, suala la nani atakayezirusha limeachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wazazi wenye uwezo na vyuo vya nchi za mbali.

Tanzania ilianza kulifufua Shirika lake la Ndege (ATCL) mwaka 2016 kwa ndege aina ya Bombardier Q400, na Julai 2018 ikapokea Boeing 787 ya kwanza. Uganda nayo ilirejesha shirika lake angani Agosti 2019, miaka 18 baada ya lile la awali kufilisiwa. Ndege hizo zilipotua zilipokewa kwa shamrashamra na viongozi wakuu wa nchi.

Ndege hupatikana kwa saini na fedha. Rubani hapatikani hivyo. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), leseni ya rubani wa biashara huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Anayetaka kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria hutakiwa kufikisha saa 1,500. Saa za mwanzo hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe asipokuwa na mfadhili: mafuta, mwalimu, matengenezo. Mtoto wa mkulima, hata awe hodari wa hisabati kiasi gani, huishia kuzitazama ndege zikipita.

Ajabu ni kwamba kanda hii iliwahi kulipatia suala hilo jibu. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilianzisha chuo cha usafiri wa anga mjini Soroti, mashariki mwa Uganda, ili kiwafundishe marubani na mafundi wa ndege wa nchi zote tatu. Wakati huo shirika la ndege lilikuwa moja, East African Airways, hivyo chuo kilijua wahitimu wake wangeajiriwa wapi.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na shirika hilo likafa nayo. Kenya na Tanzania zikaanzisha mashirika yao mwaka huohuo. Uganda ikabaki na chuo kilichojengwa kwa mahitaji ya nchi tatu, nayo wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin. Mwaka uliofuata vikazuka Vita vya Kagera. Katika hali hiyo, Soroti isingeweza kubaki chuo cha pamoja.

Uhaba wa marubani wazoefu una sehemu yake katika nguvu ya vyama vyao. Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways, kupitia chama chao cha KALPA, waligoma wakidai michango ya mfuko wa akiba na mishahara iliyozuiliwa wakati wa janga la korona. Marubani takriban 400 walitosha kuvuruga safari za maelfu ya abiria, hadi mahakama ilipowaamuru warejee kazini. Abiria aliyekosa safari ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, mwajiri asiyeweza kuziba pengo la marubani kwa urahisi ndiye anayekipa chama turufu hiyo.

Hivi sasa kila nchi inahangaika kivyake. Kenya ina chuo cha usafiri wa anga Embakasi na shule binafsi za urubani katika Uwanja wa Wilson. Tanzania imekikabidhi jukumu hilo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Soroti ipo bado.

Kikwazo cha kanuni kimepungua, kwani wakala wa Jumuiya mpya wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, umekuwa ukizioanisha. Kigumu zaidi ni fedha: mpango wowote wa pamoja utailazimu kila serikali kutaja ni wanafunzi wangapi itawalipia kila mwaka, na kuwalipia hata katika mwaka ambao haina ndege mpya ya kuzindua.