Mtu "Nice" Ni Mtu Gani?

Juzi baada ya Alasiri alinijia barazani mama mmoja jirani yetu hapa Mombasa, uso umesawijika. Binti yake ameposwa, naye kazunguka mtaa mzima kumuulizia huyo kijana. Kila mlango jawabu ni moja: "Ni nice." Akanambia, "Maalim, wewe ni mtu wa maneno. Hii ni sifa, au ni kuniondoa mlangoni?"

Nikamwambia swali lake si dogo. Neno hilo asili yake ni Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale, na lilipoingia Kiingereza, yapata miaka 700 iliyopita, lilikuwa ni tusi: mjinga, asiyejua kitu. Baadaye likawa la mtu wa kuchagua-chagua, kisha la jambo linalotaka kupambanuliwa kwa makini. Katika karne ya 18 ndipo likaenea kusifu chochote kipendezacho. Jane Austen alilifanyia mzaha katika "Northanger Abbey", kitabu kilichotoka mwisho wa 1817, miezi michache baada ya kufa kwake. Humo kijana mmoja amtania msichana kwa kulitumia neno hilo moja kwa kila kitu. Na Waingereza hawakukosa maneno: mwenye huruma ni "kind", mkweli ni "honest", chakula kitamu ni "delicious".

Lakini sisi tusicheke. "Poa" ilikuwa ya uji na homa, "safi" ya maji na kanzu. Leo husifiwa kwazo kila kitu. Hata "murua", tuliyoipata kwa Waarabu kwa maana ya utu na adabu, siku hizi huvishwa viatu na magari.

Zamani aliyeulizwa habari za mposaji hakutosheka na "mzuri", kwani uzuri ni wa sura. Alisema: ni mwema, ana haya, ana murua, huchunga amana. Kila neno lilikuwa ni ushahidi, na msemaji akijua kuwa ataulizwa.

Nikamshauri yule mama arudi kule kule, aulize: Akikopa hulipa? Akikasirika huwaje? Husema vipi na mamake?

Baada ya Isha akaja. Nyumba mbili zilijibu. Ya tatu, inayomjua kijana zaidi, ilinyamaza. Kimya kile kilimwambia zaidi kuliko "nice" zote za mchana.

Basi, wasomaji wangu, tukiulizwa habari za mtu, tumtafutie neno lake. Sifa ya kila kitu si sifa ya kitu.